Kuijua Dhambi ya Mwenzako: Kuitazama Tamthilia ya Columbo Nyumbani

Swali hili huulizwa mara kwa mara katika semina za vijana, na hata katika jumuiya zetu za nyumba kwa nyumba: je, ni halali Mkristo kukaa sebuleni kwake na kutazama tamthilia za mauaji? Wapo wanaojibu upesi kwamba si halali, nao hutaja Wafilipi sura ya 4, ambako Paulo anatuhimiza tuyatafakari yaliyo ya kweli, ya haki na safi. Wengine husema ni burudani tu. Mtu ametoka kazini amechoka, mwacheni apumzike. Majibu haya mawili yanafanana katika jambo moja. Yote yanatoa hukumu kabla ya kuuliza tamthilia yenyewe inasema nini.

Biblia yenyewe haifiki mbali kabla ya kutupeleka kondeni ambako ndugu anamwua ndugu yake. Ni sura ya nne tu ya kitabu cha kwanza. Kwa hiyo kuwepo kwa mauaji ndani ya hadithi hakutoshi kuifanya hadithi iwe mbaya. La muhimu ni jinsi tunavyofundishwa kuyatazama mauaji hayo, na tunavyoinuka kwenye kiti tukiwa watu wa namna gani. Katika makala hii napenda tuipime kwa kipimo hicho tamthilia moja ya Marekani iliyodumu miaka mingi, ambayo leo wengi wetu tunaweza kuitazama nyumbani kwa diski: tamthilia ya Luteni Columbo.

Waliomtunga Columbo ni marafiki wawili waliofahamiana tangu shuleni mjini Philadelphia, Richard Levinson na William Link. Peter Falk aliigiza nafasi hiyo kwa mara ya kwanza mwaka 1968. Mfululizo wenyewe ulianza kituo cha NBC mwaka 1971 ukaenda hadi 1978, kisha ukarudi katika kituo cha ABC mwaka 1989, na sehemu ya mwisho ikaonyeshwa mwaka 2003. Jumla ni filamu 69, na Falk yumo katika zote. Ni mpelelezi wa mauaji wa polisi wa jiji la Los Angeles: koti la mvua lililochakaa, gari kuukuu aina ya Peugeot, sigara kubwa mkononi, na mke anayemtaja kila wakati lakini ambaye sisi hatumwoni kamwe. Akishaaga na kufika mlangoni hugeuka, kwa sababu limebaki jambo moja dogo la kuuliza. Na katika jambo hilo dogo ndimo mwuaji hunaswa.

Tunajua tangu mwanzo

Tamthilia nyingi za upelelezi humficha mwuaji hadi dakika za mwisho, na mtazamaji hukaa akikisia. Columbo hufanya kinyume. Karibu kila mara tunaonyeshwa mauaji yenyewe mwanzoni: nani ameua, ameua vipi na kwa sababu gani. Columbo huingia baadaye. Sisi tunajua tayari. Tunachongoja ni kuona mtu mwenye siri atafanya nini na siri yake, na anayemshuku atafanya nini na shaka yake.

Watunzi walikiri kwamba mfano mmoja walioufuata ni Porfiry Petrovich, mpelelezi katika riwaya ya Fyodor Dostoevsky ya mwaka 1866 kuhusu mwanafunzi maskini anayemwua bibi mkopeshaji. Porfiry hana haraka. Humtembelea kijana, huzungumza naye mambo mengine, huondoka, kisha hurudi. Ni kama anajua kwamba dhambi iliyofichwa ina uzito wake, na kwamba mwenye kuibeba atachoka. Mtunga zaburi katika Zaburi ya 32 alilijua hilo zamani, pale anaposimulia jinsi mifupa yake ilivyochakaa siku zote alizonyamaza, mpaka alipoungama.

Kutazama kwa diski kunaongeza jambo jingine hapa. Katika miaka ya 1970, NBC ilimwonyesha Columbo kwa zamu na tamthilia nyingine. Msimu wa kwanza ulikuwa na sehemu saba tu. Mtazamaji wa wakati ule aliona mwuaji mmoja, kisha zikapita wiki kadhaa kabla ya kumwona mwingine. Leo msimu mzima umo ndani ya kasha moja. Mtu mwenye deki na rimoti anaweza kutazama sehemu tatu kwa jioni moja, na kabla hajalala watu watatu wameuawa mbele ya watoto wake huku wanakula karanga. Hiyo ni hatari, nami nitairudia. Lakini ipo na faida. Tunapoziweka sehemu hizi bega kwa bega tunaona jambo ambalo aliyezitazama kwa kungoja wiki kadhaa angeweza kulisahau. Tena na tena, yupo mtu anayeijua dhambi ya mwenzake, na tena na tena anaulizwa: utaifanyia nini?

Naamini hilo ndilo swali ambalo tamthilia hii inalileta ndani ya kanisa. Katika usharika wowote, watu wanajuana. Mzee wa kanisa anajua, jirani anajua, katibu wa kwaya anajua. Wengi wetu hatukosi habari za dhambi za wenzetu. Tunachokosa ni namna njema ya kuzibeba.

Edna na kamba yake

Sehemu iliyo karibu zaidi na maisha ya kanisa ni ile iitwayo “Swan Song”, ya mwaka 1974. Mwigizaji mgeni ni mwanamuziki Johnny Cash, naye anaigiza kama Tommy Brown, mwimbaji wa nyimbo za Injili aliyewahi kufungwa gerezani. Anajaza viwanja. Watu wanalia anapoimba. Mke wake, Edna, anayeigizwa na Ida Lupino, ndiye anayeongoza huduma, na fedha yote inayoingia inakwenda kwenye ujenzi wa hekalu kubwa la ibada analoliota. Tommy hapati ila posho. Kwa nini haondoki? Kwa sababu Edna anajua kwamba mumewe alitembea na Maryann, mwimbaji mwenzao, wakati binti huyo alikuwa bado mtoto kisheria. Tommy akikataa kuimba, Edna atasema.

Tommy anapanga kuua. Yeye ndiye rubani wa ndege yao ndogo. Anawapa Edna na Maryann kahawa yenye dawa ya usingizi, anaruka kwa parachuti aliyoishona mwenyewe, na ndege inaanguka na wanawake wale wawili. Yeye anapatikana akiwa amevunjika mguu, na dunia inamhurumia kwa kunusurika.

Mtazamaji Mkristo anaweza kuishia kumshangaa Tommy, mtu aimbaye habari za nuru huku anatembea gizani. Hilo ni kweli, ila hatuhitaji tamthilia kutwambia kwamba wanafiki wapo. Linalopaswa kutusumbua zaidi ni Edna. Edna hakumwua mtu. Edna alikuwa mtu wa dini, mwenye bidii, na alichotaka kujenga kilikuwa nyumba ya Mungu. Lakini alipoijua dhambi ya mumewe hakumpeleka kwenye toba, wala hakumpeleka kwenye sheria. Aliifanya kamba. Akamfunga nayo shingoni, akamvuta kutoka mkutano mmoja hadi mwingine, na kila tofali la hekalu lile lilinunuliwa kwa siri ile.

Ndugu wapendwa, tusiseme upesi kwamba mambo haya ni ya Wamarekani. Mtu anayemwambia mhasibu wa kanisa, “Nyamaza kuhusu hili, la sivyo nitalisema lile lako,” ameishika kamba ya Edna. Kiongozi anayeweka akiba ya makosa ya wenzake ili ayatoe wakati wa uchaguzi ameishika pia. Hata mzazi anayemkumbusha mtoto wake kosa la zamani kila anapotaka atumwe bila kunung'unika, ameishika ncha yake.

Naibu kamishna na rafiki yake

Kasha lilelile la msimu wa tatu lina sehemu nyingine iitwayo “A Friend in Deed”. Mtu mmoja, Hugh Caldwell, anamwua mkewe katika ugomvi, kisha anamkimbilia rafiki na jirani yake, Mark Halperin, ambaye ni naibu kamishna wa polisi. Halperin anamsaidia. Anapanga mambo ili ionekane kwamba ameua mwizi, kwa kuwa mtaa wao umesumbuliwa na wezi wa usiku. Mtu angesema huo ni urafiki. Baada ya muda mfupi tunajua bei yake: Halperin anamwua mke wake mwenyewe, mwanamke tajiri aliyekuwa akigawa mali yake kwa wenye shida, na sasa Hugh hana budi kumsaidia. Aliyefichiwa dhambi anadaiwa dhambi ya pili.

Katika msimu huohuo, sehemu iitwayo “Any Old Port in a Storm” inasimulia habari za Adrian Carsini, mtengenezaji wa divai aliyemwua ndugu yake kwa baba ili shamba la mizabibu lisiuzwe. Katibu wake anagundua, anasema uongo kumlinda, kisha anadai malipo: amwoe. Carsini anapokamatwa anaona kwamba gerezani kutakuwa na uhuru zaidi kuliko katika ndoa ile.

Ziweke sehemu hizi tatu pamoja. Mke anajua, rafiki anajua, katibu anajua. Wote watatu wanaficha, na maficho ya wote watatu ni utumwa. Tumezoea kusema kwamba kumsitiri mwenzako ni upendo, na Mithali 10:12 inafundisha kwamba upendo hufunika makosa. Lakini kuna kifuniko cha kumponya mtu na kuna kifuniko cha kummiliki. Cha kwanza kinamwelekeza mwenye kosa kwenye nuru. Cha pili kinamweka gizani mahali ambapo mimi tu ninajua pa kumpata.

Namna ya Columbo, na mipaka yake

Sasa tumtazame Luteni. Naye anajua, au anashuku mapema sana. Katika “A Friend in Deed” anayemshuku ni bosi wake, mtu anayeweza kumwachisha kazi kwa neno moja. Hapiti ofisini akinong'ona. Hamchafui Halperin kwa askari wenzake. Anafanya kazi yake taratibu mpaka siku ya siku anasimama mbele ya mkubwa wake na kumwambia. Msomaji wa Biblia hawezi kuona jambo hili bila kumkumbuka Nathani mbele ya Mfalme Daudi, katika 2 Samweli sura ya 12. Daudi naye alikuwa na cheo cha kufuta ushahidi, na Uria alikuwa ameshazikwa.

Jambo jingine la kumpongeza Columbo ni kwamba hatumii nguvu. Hampigi mtu ili akubali. Hana mazoea hata ya kubeba bastola. Katika sehemu moja tunasikia kwamba amekaa miaka mingi bila kufanya jaribio la kulenga shabaha analotakiwa kufanya kila askari. Silaha yake ni maswali. Hapo tunaweza kukumbuka kwamba Mungu naye, katika Mwanzo sura ya 3 na ya 4, anawaendea Adamu na Kaini kwa maswali, ingawa hakuna alichokuwa hakijui. Swali linampa mkosaji nafasi ya kusema mwenyewe. Kaini aliikataa nafasi ile. Tommy Brown, mwishoni mwa “Swan Song”, anakaribia kuipokea. Columbo amefanya ijulikane kwamba milima itapekuliwa, Tommy ameifuata parachuti yake usiku, na amekamatwa nayo. Anamwuliza Luteni kama haogopi kuwa peke yake na mwuaji. Columbo hana hofu, kwa maana anaamini kwamba mtu huyu angekuja kuungama mwenyewe siku moja. Na Tommy anaonekana kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Hata hivyo tusimfanye Columbo mtakatifu. Mara nyingi hunasa watu kwa mitego, na baadhi ya mitego hiyo ni uongo mtupu. Ili amnase Halperin anaandika anwani isiyo ya kweli katika jalada la mshukiwa. Chumba kile amekikodi yeye mwenyewe, na Halperin anakwenda kuficha humo vito vya marehemu. Lile jaribio la bastola nalo analikwepa kwa kumlipa askari mwenzake alifanye kwa niaba yake, nasi tunacheka. Nathani naye alianza kwa hadithi iliyomnasa Daudi, lakini dakika iliyofuata alimwambia wazi yeye ni nani na amefanya nini. Tukisema kwamba lengo jema linahalalisha njia yoyote, tumejifunza kwa Luteni jambo ambalo tungepaswa kumwachia.

Na upo mpaka mkubwa zaidi. Daudi alipokiri, Nathani alikuwa na neno la pili: Bwana ameiondoa dhambi yako. Columbo hana neno hilo. Hawezi kuwa nalo, yeye ni polisi. Anaweza kumfikisha mtu kwenye ungamo, basi. Filamu inakwisha, majina yanapita, nasi hatuoni mahakama wala gereza, wala hatujui kama Tommy aliimba tena. Neno la msamaha ni kazi ya mwingine.

Ned Diamond

Ipo sehemu moja ambamo tamthilia inajaribu kwenda ng'ambo ya mpaka huo. Inaitwa “Forgotten Lady”, ya mwaka 1975. Grace Wheeler, anayeigizwa na Janet Leigh, ni mwigizaji wa zamani anayetamani kurudi jukwaani. Mume wake, daktari mstaafu, anakataa kutoa fedha. Grace anamwua na kufanya ionekane kwamba amejiua. Usiku ule alikuwa nyumbani akitazama filamu yake ya ujanani kwenye projekta, na utepe ulipokatika aliuunganisha mwenyewe. Dakika ambazo haziendi sawa katika utazamaji wa filamu ile ndizo zinazompa Columbo njia.

Nasi tunaotazama nyumbani tuna la kujifunza kwa mwanamke huyu. Yeye pia alikuwa na sinema yake sebuleni. Alikaa kila usiku akijitazama alivyokuwa zamani, mpaka yaliyokuwa kwenye kitambaa cheupe yakawa ya kweli kuliko mume aliyelala ghorofani.

Columbo anagundua jambo lisilotarajiwa. Grace ana ugonjwa wa ubongo usio na tiba, na maisha yake yamebaki miezi michache tu. Mumewe alilijua hilo, na ndiyo sababu alimkatalia. Hakuwa mchoyo, alikuwa akimlinda. Naye Grace, kwa ugonjwa huo, amesahau kwamba ameua. Luteni anapoieleza kweli yote, mwenzake wa zamani jukwaani, Ned Diamond, ambaye amempenda miaka yote, anasimama na kusema kwamba aliyeua ni yeye. Columbo anajua si kweli. Anamwonya kwamba ungamo lile halitachukua muda kuvunjika. Ned anajibu kwamba huenda likachukua miezi miwili. Luteni anakubali, nao wanaondoka, wakimwacha Grace na filamu yake.

Ni vigumu kuitazama sehemu hii bila machozi, na mhubiri anaweza kushawishika kusema: tazameni, huyu ndiye mfano wa Kristo, asiye na hatia anachukua mahali pa mwenye hatia. Kufanana kupo. Miongoni mwa wote wanaoijua dhambi ya mwingine katika tamthilia hii, Ned peke yake anaibeba bila kuidai malipo. Hakuna kamba mkononi mwake.

Lakini tofauti nayo tuitaje, maana hapo ndipo Injili ilipo. Tendo la Ned linasimama juu ya uongo, na linafaa kwa sababu Grace hajui. Akijua, rehema ile itavunjika. Msalaba haufanyi hivyo. Kristo hakutubebea dhambi kwa kutuficha tusiijue. Alituonyesha ilivyo kubwa, na akaibeba mbele ya macho yetu. Rehema ya Ned inahitaji taa izimwe. Ya Kristo inaweza kutazamwa mchana, na mwenye dhambi anaweza kuinuka akiwa anajua yote na amesamehewa yote.

Yule binti, kwao wapi?

Nimesema kwamba nitairudia hatari ya diski. Tulipoitazama “Swan Song” pamoja katika jumuiya yetu, mazungumzo yaliyofuata yalikuwa juu ya Tommy: kama angetubu kweli, kama kanisa lingempokea, kama angeruhusiwa kuimba tena. Mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza: “Na yule binti, kwao wapi?” Alimaanisha Maryann. Tulitazamana. Katika saa moja na nusu ile hakuna aliyekuwa amemfikiria.

Swali lake linafika kwenye udhaifu mkubwa wa tamthilia hii. Columbo ameijenga kazi yake yote juu ya mazungumzo kati ya mwuaji na mpelelezi. Mwuaji ni mtu wa kuvutia, amesoma, ana jumba na bwawa la kuogelea. Tunampenda kidogo, na kwa kuwa ni tajiri tunafurahia pia kumwona anaanguka. Furaha hiyo nayo tuichunguze, kwa maana si kila anayeshangilia tajiri anapoaibika anashangilia haki. Lakini aliyeuawa huwa amekufa mapema, na mara nyingi kazi yake imekwisha hapo. Katika Mwanzo 4 mambo si hivyo. Mungu anamwuliza Kaini, ndiyo, lakini neno zito la sura ile ni kwamba damu ya Habili inalia kutoka ardhini, na Mungu anaisikia. Tamthilia hii inamsikiliza Kaini vizuri kuliko nyingi ninazozijua. Habili haimsikilizi.

Na ukitazama sehemu tatu kwa jioni moja, sikio hilo linazidi kuwa zito. Maiti wa kwanza anashtua, wa pili anazoeleka, wa tatu ni mwanzo wa hadithi tu. Waliongoja wiki kadhaa katika miaka ya 1970 walikuwa na kizuizi ambacho sisi hatuna, nasi inatubidi tujiwekee wenyewe. Ushauri wangu kwa wazazi na viongozi wa vijana ni mwepesi: sehemu moja, kisha zimeni deki na mzungumze. Mwuaji atajadiliwa tu bila kuombwa. Ninyi ulizeni habari za aliyekufa, na za ndugu zake.

Habari za Maryann zinaligusa kanisa kwa namna ya pekee. Alidhulumiwa akiwa mtoto, na mtu mzima wa huduma alilijua hilo. Mwimbaji alikuwa anajaza viwanja, basi dhuluma ile ikawekwa sandukuni na kufungiwa. Ukiifuata hadithi nyuma kabisa, ndege ile ilianza kuanguka siku Edna alipoamua kwamba habari za binti ni mtaji. Usharika unaojua kwamba mtoto ametendewa vibaya, ukanyamaza ili kulinda jina la mtumishi au la kanisa, usiuite ukimya huo msamaha. Kumsamehe mkosaji hakumwondolei sheria, wala hakumpi mtu ruhusa ya kumsahau aliyeumizwa. Vyombo vya sheria vina kazi yao, na sisi tuna wajibu wa kuvipelekea kweli.

Kwa makosa mengine, yale ya kila siku baina yetu, Bwana ametupa njia katika Mathayo 18: mwendee nduguyo, wewe na yeye peke yenu. Na Paulo katika Wagalatia 6 anaongeza kwamba tumrejeze kwa upole, huku tukijiangalia wenyewe. Njia hiyo ni ngumu kuliko kunyamaza na ngumu kuliko kusimulia. Inatudai tubishe mlango wa mtu, tukae naye, tuulize, tusikilize, na pengine tuondoke bila jibu na turudi siku nyingine.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la vijana ni kwamba Columbo anatazamika nyumbani kwa Mkristo, kwa kiasi, na kwa watu wanaojua wanachotazama. Tangu dakika za mwanzo tamthilia hii inatufanya sisi nasi kuwa watu wanaoijua dhambi ya mtu mwingine. Kwa ile ya kwenye runinga hatudaiwi kitu. Kwa zile tunazozijua hapa usharikani, tunadaiwa.